Mlango wa Klabu ya Makarani wa Tanga

Historia ya vyama vya umma katika Tanganyika imezoea kuanzia Dar es Salaam, tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ya New Street ilikozaliwa TANU. Wapendao kurudi nyuma zaidi husimama katika mwaka 1929, ilipoundwa mjini humo African Association, yaani Chama cha Waafrika. Ni wachache wanaoendelea na safari mpaka Tanga, mwaka 1922, ambako makarani wa serikali walijifungulia klabu ya kusomea magazeti, kufundishana Kiingereza na kucheza mpira. Jambo hilo huonekana dogo mno kuitwa historia. Hata hivyo, mwenye kutaka kujua vyama vyetu vilikuaje hana budi kuupitia mlango ule wa Tanga, kwa sababu hapo ndipo lilipoulizwa kwa uwazi swali ambalo kila chama cha pwani na visiwani kimelazimika kulijibu baadaye: nani aingie, na nani abaki nje?

Haikuwa bahati tu kwamba swali hilo liliulizwa Tanga. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 Wajerumani walifungua mjini humo shule ya serikali, isiyokuwa ya misheni, ili wapate makarani, maakida na wakalimani kutoka kwa wenyeji wa pwani ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Shule hiyo ilikuwa na kiwanda chake cha uchapaji, na tangu 1904 ilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Mwaka 1893 reli ilianza kujengwa kutoka bandarini kuelekea bara, na mwaka huo huo mbegu ya mkonge iliingizwa nchini na Richard Hindorf. Mambo hayo mawili yaliugeuza mji. Mashamba yalihitaji watu, reli ikawaleta, na Tanga ikawa mji wa Wadigo, Wabondei, Wasegeju na Wasambaa, pamoja na wageni kutoka Unyamwezi, Nyasa na kwingineko. Wenyeji wakausema kwa maneno mafupi ambayo hadi leo huandamana na jina la mji wao: waja leo, waondoka leo.

Nyuma ya mji, katika nchi ya Bonde, kulikuwa na chemchemi nyingine ya elimu. Misheni ya Kiingereza ya UMCA ilikuwa Magila, na vijana wake bora walivushwa bahari mpaka Unguja kusoma katika chuo cha Kiungani. Msomaji wa visiwani ataona hapa jinsi kisiwa chetu kilivyokuwa na mkono katika habari hii. Kwa hiyo, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, eneo moja lilikuwa na wasomi wa namna mbili: Waislamu wa shule ya Mjerumani, waliojua kazi ya boma, na Wakristo wa Kiungani na Magila, waliojua Kiingereza. Hawa na wale waliandika Kiswahili kimoja, ila hawakuwa na baraza moja la kukaa.

Vita viliwatenga zaidi. Wajerumani waliwatilia shaka walimu wa UMCA kwamba mioyo yao ilikuwa kwa Waingereza, wakawatia wengi kizuizini. Waingereza walipoiteka Tanga mwaka 1916, mizani iligeuka ghafla. Kijerumani kilikoma kuwa lugha ya boma. Aliyekuwa karani hodari jana alijikuta leo hajui lugha ya barua anazoletewa, na aliyetoka kizuizini akawa ndiye anayetafutwa. Haihitaji mawazo mengi kuona uchungu uliokuwamo. Watu wawili waliketi katika ofisi moja, mmoja amepanda kwa sababu mwenzake ameshuka, na kila mmoja ana dini yake na kumbukumbu yake ya vita.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea Martin Kayamba. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, katika ukoo wenye asili ya Bonde, akasoma Kiungani, akafanya kazi Kenya, Uganda na Unguja, na vita vilipoanza akakutwa katika nchi ya Wajerumani na kufungwa Tabora. Alipoachiliwa aliingia katika utumishi wa Waingereza mjini Tanga, akapanda mpaka akawa karani mkuu wa ofisi ya wilaya. Mwaka 1922 yeye na wenzake waliunda Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika, ambacho wanahistoria hukitaja kwa herufi za jina lake la Kiingereza, TTACSA.

Shughuli za chama zilikuwa za kawaida kwa macho ya leo. Kilikuwa na mahali pa kukutania, magazeti ya kusoma, madarasa na timu ya mpira. Kilisemea pia maslahi ya makarani wa Kiafrika, ambao mishahara na vyeo vyao vilikuwa chini ya vile vya makarani wa Kihindi, sembuse vya Wazungu. Lakini tuziangalie shughuli hizo tukiyakumbuka yaliyotangulia. Somo la Kiingereza lilikuwa na maana gani kwa mtu wa shule ya Mjerumani? Lilikuwa njia ya kurudishiwa heshima yake, akifundishwa na yule yule ambaye angeweza kumfanyia inda. Na timu ya mpira ilikuwa na maana gani katika mji ambao kila mtaa ulikuwa na upande wake? Ilikuwa upande mmoja wa wote. Waislamu na Wakristo, wenyeji na wageni wa bara, walikuwa wanachama sawa. Mlango wa klabu haukuuliza dini wala kabila.

Ili kuipima hatua hiyo, yafaa kuilinganisha na vyama vilivyokuwa vimeshika nyoyo za watu wakati huo, yaani vyama vya ngoma ya beni. Beni ilianzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea pwani nzima na bara kwa pande zake mbili, Marini na Arinoti. Tusiidharau. Vyama vya beni vilikuwa na viongozi, vyeo na michango, viliuguza wagonjwa na kuzika wafu. Vilijua kuongeza wanachama kuliko klabu yoyote ya makarani. Lakini nguvu ya beni ilikuwa katika ushindani: Marini asingekuwa Marini pasipo Arinoti wa kumshinda. Makarani wa Tanga walijaribu jambo gumu zaidi, nalo ni chama kisichohitaji mpinzani mtaa wa pili ili kipate uhai.

Walakini mlango huo huo ulikuwa na swali lake. Haukuuliza dini, uliuliza kazi. Asiyekuwa mtumishi wa serikali hakuwa na nafasi, na watumishi wa serikali wenye kujua kusoma na kuandika walikuwa tone katika bahari. Mpagazi wa bandarini, mkata mkonge, mvuvi wa Pangani na mwalimu wa chuo cha Kurani walibaki barazani. Wanawake nao walibaki nje bila hata kutajwa, kwa kuwa makarani wa siku zile walikuwa wanaume. Chama cha namna hii kina kikomo cha kukua, kwani hakiwezi kuzidi idadi ya nafasi za kazi anazotoa mtawala.

Kilichokikuza chama si wingi wa wanachama bali mwendo wao. Karani alikuwa mtu wa uhamisho. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliyeingia kazi ya forodha mwaka 1926, alipelekwa Pangani, baadaye Mpwapwa, kisha akarudi Tanga. Na maisha ya wengi wa tabaka lake yalikuwa hivyo. Serikali iliwahamisha kwa faida yake, nao wakahama na desturi zao: kuandika kumbukumbu za mkutano, kuweka daftari la ada, kumpa mwenyekiti nafasi ya kusema na mpinzani nafasi ya kujibu. Usemi wa waja leo, waondoka leo ulipata hapa maana mpya, kwa sababu aliyeondoka Tanga aliweza kuondoka na chama kichwani.

Mwaka 1929 Dar es Salaam ilipiga hatua ya pili. African Association, chini ya Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes akiwa katibu, haikuuliza kazi ya mtu. Mwafrika yeyote aliweza kujiunga. Katika miaka ya 1930 wanachama walipata jengo lao New Street, na mwaka 1934 chama cha jina hilo kikaanzishwa Unguja. Kayamba mwenyewe alifuata njia nyingine. Mwaka 1931 alikwenda London, pamoja na Chifu Makwaia wa Usiha na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kisha mwaka 1932 akapandishwa makao makuu ya serikali Dar es Salaam. Alibaki mtu wa kuomba kwa heshima, na ndiyo sababu wengine humhesabu kuwa kibaraka. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mtu hupimwa pia kwa mlango alioufungua, hata kama yeye hakupita mbali.

Lakini kupanua mlango si kuujaza ukumbi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 chama hicho, kikiitwa sasa Tanganyika African Association, kilikuwa na matawi yapatayo 40, na wanachama wasiofika 2,000 nchi nzima. Kisha likatokea jambo ambalo Kayamba, aliyefariki kabla ya wakati huo, asingeliamini. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Twining ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mwaka 1922 ni karani peke yake aliyeruhusiwa kuingia. Sasa karani ndiye aliyekatazwa. Ilidhaniwa kwamba chama kitakufa kwa kukosa wenye kalamu. Badala yake TANU ikawageukia wale waliobaki barazani tangu zamani: wauza samaki, madereva, wakulima, na wanawake walioongozwa na Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, ambao kwa ustadi wa vyama vya ngoma waliwaingiza wenzao mtaa kwa mtaa. Wanachama wakaanza kuhesabiwa kwa malaki. Ngoma na daftari, vilivyotengana Tanga, vilikutana.

Hata hapo lilibaki swali moja mlangoni. TANU iliuliza rangi mpaka mwaka 1963, ilipoamua kuwapokea raia wote. Sisi wa visiwani tunaijua gharama ya swali hilo. Hapa kwetu vyama viliitwa kwa asili za watu: cha Waarabu, cha Wahindi, cha Waafrika, cha Washirazi, na majina hayo yalikwishatugawa kabla vyama vya siasa havijazaliwa. Haiwezekani kuisoma habari ya Tanga bila kujiuliza mambo yetu yangekuwaje kama klabu zetu za mwanzo zingeundwa kwa kazi, kitabu na mpira badala ya nasaba.

Klabu za huduma, vyama vya kuweka na kukopa, vikundi vya kuzikana na timu za mitaani bado ndizo shule za kwanza za uraia wetu. Kila mwaka husoma taarifa zao na kutangaza kwa fahari kwamba wanachama wameongezeka. Fahari hiyo ni halali yao. Lakini makarani wa Tanga wametuachia kipimo kingine, nacho ni kutazama nje ya dirisha siku ya mkutano mkuu na kuhesabu, kwa uaminifu ule ule wa mweka hazina, wangapi wamesimama barazani, na ni swali gani letu lililowazuia kuingia.