Nasaba ya Matawi

Mwaka 2024, Bunge lilipokutana Dodoma kupitisha Sheria ya Fedha ya mwaka huo, liliingiza humo kifungu cha kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Na kwa kuwa mwaka 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imeuhadharisha umma kwamba sarafu za namna hiyo si fedha halali nchini, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka Benki hiyo hiyo ianze kujiandaa, twaweza kusema kwamba katika muda wa miaka 5 jambo lililokuwa la kuogopwa limekuwa la kuandikwa katika sheria. Lakini sheria hulitazama daftari la sarafu hizo kwa nje, ikaangalia mali ipitayo na kodi ipatikanayo, ilhali vijana wanaosoma taaluma za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoasisiwa mwaka 2007 huko Chimwaga, ndio watakaoingia ndani yake; na ndani humo imo tarehe ndefu ya matawi, majina na mirathi, ambayo yastahili kusimuliwa kwa Kiswahili kwa sababu wataikuta kazini, wapende wasipende.

Daftari lenyewe, yaani mnyororo wa bloku, ni hesabu moja iliyonakiliwa katika mashine nyingi, kila moja ikizikagua nyenzake, na programu iliendeshayo imeachwa wazi, hata yeyote atakaye huichukua, akaigeuza na kuipa jina lake; nakala ya namna hiyo ndiyo niiitayo tawi. Bloku ya kwanza ya Bitcoin iliandikwa tarehe 3 Januari 2009. Mnamo Oktoba 2011 Charlie Lee aliutwaa msimbo wake, akabadili kanuni ya uchimbaji, yaani ya kuongeza bloku mpya kwa malipo, na muda wa bloku, ikazaliwa Litecoin. Katika Litecoin ikatoka Luckycoin, na katika Luckycoin, Desemba 2013, ikatoka Dogecoin. Kila mtoto katika nasaba hii hurithi fadhila za mzazi pamoja na maradhi yake, ila dawa aipatayo mzazi baada ya kutengana haimfikii mtoto mpaka mtu aibebe kwa mkono wake na kumpelekea. Kazi hiyo ya kubeba, isiyo na sifa wala sherehe, ndiyo niliyokusudia kuieleza.

Msiba uliolipasua daftari la Bitcoin mwaka 2013 haukuletwa na mwizi wala ugomvi. Toleo la 0.8 la programu ya Bitcoin liliiacha maktaba ya kuhifadhia data iitwayo Berkeley DB, likachukua LevelDB, kwa kuwa ilikuwa na kasi zaidi. Wala haikujulikana ya kuwa ile maktaba ya kale ilikuwa na mpaka uliofichika wa idadi ya kufuli izimuduzo, na ya kuwa mpaka huo, pasipo kuandikwa popote, ulikwisha kuwa sehemu ya kanuni za daftari. Mwezi Machi ilipokuja bloku kubwa, ya 225,430, mashine mpya zikaikubali na za kale zikaikataa, na kwa saa kadhaa pakawa na minyororo 2, kila mmoja ukijiona ndio wa haki. Asimamaye Dodoma leo aweza kulielewa jambo hili kwa macho yake: iko reli ya upana wa mita 1 iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na iko reli pana iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, na behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine ijapokuwa zote zaelekea mji mmoja. Wachimbaji wakubwa walikubali kurudi kwenye toleo la 0.7, wakapoteza malipo ya bloku walizokwisha kuzipata, na daftari likawa moja tena. Nawahesabia jambo hilo kuwa ni uungwana mkubwa, maana hapakuwa na hakimu wa kuwalazimisha.

Mfarakano wa mnyororo mwingine, Ethereum, wa tarehe 20 Julai 2016, wenyewe ulikusudiwa: mfuko uitwao The DAO uliibiwa mwezi Juni, wengi wakakata shauri kuibatilisha hesabu ya wizi, na waliokataa wakabaki na mnyororo wa asili chini ya jina la Ethereum Classic. Habari zake zimesimuliwa sana, nami sizirefushi.

Yasiyosimuliwa vya kutosha ni mashaka ya waliojitenga kisha wakachelewa kutazama nyuma. Septemba 2018 lilifichuliwa kosa ndani ya Bitcoin ambalo lingemwezesha mtu kuumba sarafu pasipo haki. Shina, yaani Bitcoin yenyewe, likatibiwa tarehe 18 kwa toleo la 0.16.3, bali Pigeoncoin, tawi dogo lililorithi msimbo ule ule, halikuwahi, na siku chache baadaye mtu akajiumbia humo sarafu milioni 235. Agosti 2021 watunzaji wa Geth, programu kuu ya Ethereum, walitoa toleo la 1.10.8 lenye tiba ya kosa jingine, na siku 3 baadaye kosa hilo likatumiwa dhidi ya mashine zilizokuwa hazijahuishwa, mnyororo ukagawanyika. Matawi yaliyojengwa juu ya Geth, nayo ni mengi, yalikuwa katika hatari ile ile pamoja na taabu ya ziada, kwani yalipaswa kuipachika tiba ya shina katika msimbo uliokwisha kubadilishwa na mikono mingine.

Hapo ndipo jina la tawi linapopata uzito. Git, chombo cha kutunzia matoleo ya msimbo ambacho Linus Torvalds alikitunga Aprili 2005, kimefanya kukata tawi kuwe kazi ya kufumba na kufumbua, na kwa wepesi huo majina yakazagaa pasipo utaratibu. Wajenzi wa Polkadot, mtandao mwingine wa minyororo, walijiwekea ada ninayoiona kuwa bora: shina lao la Substrate, msimbo wa kujengea minyororo, lilitoa matawi yenye majina kama polkadot-v0.9.43, na nyumba ya Moonbeam, iliyojenga mnyororo wake kwa nakala ya Substrate yenye marekebisho yake, ikaandika moonbeam-polkadot-v0.9.43, hata asomaye akajua mara moja ni nani aliyebadili na alisimama juu ya toleo gani. Katika ada ya namna hii, toleo jipya la shina litokapo hukatwa tawi jipya juu yake, marekebisho ya nyumba yakahamishwa moja baada ya moja, na lile ambalo shina limekwisha kulikubali huachwa, ili mzigo upungue badala ya kukua. Tawi liitwalo “marekebisho” au “jipya” halina ithibati ya asili yake, na siku ya hatari mtunzaji hupoteza saa za thamani akitafuta lilipochipukia. Mwaka 2023 Substrate, Polkadot na zana zao za Cumulus ziliwekwa katika hazina moja ya msimbo, na haja ya majina yale marefu ikapungua. Lakini kwa wenye kutunza mifumo ya umma Dodoma, ambako Mamlaka ya Serikali Mtandao ina makao yake, ningependekeza ada hiyo hata pale pasipo na bloku wala sarafu.

Afrika Mashariki nayo imo katika tarehe hii. Shirika la Grassroots Economics, lililoanzisha hati za karatasi za Bangla-Pesa huko Mombasa mwaka 2013, hatimaye lilizihamishia hati zake za jamii kwenye mnyororo wa Celo, uliofunguliwa Aprili 2020 juu ya nakala ya Geth iliyogeuzwa ili, pamoja na mengine, mtumiaji alipe ada kwa sarafu aliyo nayo mkononi pasipo kulazimika kununua nyingine. Geuzo hilo lilimfaa sana mtu wa simu, ila kila Ethereum ilipopiga hatua, wahandisi wa Celo walikuwa na kazi ya kuivuta hatua hiyo hadi kwao na kuipatanisha na mageuzi yao wenyewe. Machi 2025 waliuacha mnyororo wao wa pekee, wakaingia chini ya Ethereum kama tabaka la pili, juu ya msingi unaotunzwa na wengi, nayo malipo ya ada kwa sarafu ya mkononi wakayabakiza.