Fedha Zisizo na Mwenyewe

Mhasibu kama mimi akipewa vitabu, kwanza anatafuta fedha zimetoka kwa nani. Mfuko wa kasisi Canon John Collins wa London ulidumu kwa sababu swali hilo halikujibika.

Machi 1966 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliupiga marufuku mfuko huo, Defence and Aid, uliolipia utetezi wa washtakiwa wa kisiasa. Collins hakufunga duka. Ada zikapitishwa kwa mawakili wa Uingereza, mmoja hadi mwingine, hata wakili wa Johannesburg akawa anamjua mwenzake wa London tu. Kwangu mimi, hiyo ni kazi ya fundi.

Familia za wafungwa zilifikiwa kwa posta. Mwingereza wa kawaida aliandika kwa mkono habari za baridi na watoto, akatia hawala ya posta, akasaini kama rafiki. Mfuko haukutajwa popote. Polisi akiifungua barua, angekuta salamu. Majibu yalirudishwa kimyakimya London.

Sweden ilichangia sana. Marufuku iliondolewa 1990, mfuko ukafungwa mwaka uliofuata, ukiwa umepitisha takriban pauni milioni 100.