Pikapu ya besi (siyo gari jamani!)

Najua nimepotea, msinilaumu. Kulikuwa na BTP, nikarudi nikakutana na test mbili ndani ya wiki moja, na bumu ndiyo hivyo tena limekata kabla ya mwezi. Leo nawapa historia kidogo, maana kuna watu wanadhani anayesoma Ualimu na somo la Historia kazi yake ni kukariri Vita vya Majimaji tu.

Kisa kilianzia kwenye ile shoo yetu ya mwisho wa semesta. Bendi yetu ina watu wanne, na kwa ninavyojua ndiyo pekee hapa chuoni inayopiga hevi metali, kwa hiyo sisi ndio wa kwanza na ndio wa mwisho. Mimi napiga besi. Dada yangu alipanda daladala mbili kuja kuniona. Tulipomaliza nikamfuata, jasho linanitoka, nikamuuliza vipi dada, umeonaje? Akaniambia, "Mdogo wangu, vidole nimeviona vinatembea, ila sijasikia kitu. Waya ulikuwa umechomeka kweli?"

Waya ulikuwa umechomekwa. Yaani niliumia, sikulala.

Kesho yake mpiga gitaa wetu akatoa hukumu: besi yako ni ya mtumba, toa pikapu iliyomo, nunua EMG ya betri, ndiyo ya metali. Nikakaribia kabisa kuanza kuchangisha hela. Ila lekchara wetu mmoja ana tabia ya kuuliza, "Hilo umelitoa wapi?" kila mtu akisema jambo kwa uhakika. Nikajiuliza hivyo hivyo. Nani alisema metali ni betri? Nikaanza kufukua.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, jambo ambalo Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831. Umeme huo unaenda kwenye amplifaya na kutoka kama sauti. Tabu ni kwamba waya huo huo unadaka pia umeme wa ukutani, ndipo unasikia ule mvumo wa mmmmm. Na hapa kuna jambo lililonichekesha: noti ya G ya chini kabisa kwenye besi ya nyuzi nne hutikisika mara 49 kwa sekunde, na umeme wetu hutikisika mara 50. Yaani mvumo wa huku kwetu ni kama mtu kabonyeza G na hataki kuiachia!

Leo Fender wa California alitoa besi yake iitwayo Precision mwaka 1951, ikiwa na pikapu ya koili moja. Ikavuma (pande zote mbili za neno). Mwaka 1957 akaikata pikapu vipande viwili: kimoja kinasikiliza nyuzi mbili nene, kingine nyuzi mbili nyembamba. Ujanja ni kwamba kipande cha pili waya na sumaku yake vimegeuzwa kinyume na cha kwanza. Mvumo unaoingia huku na unaoingia kule vinagombana na kufutana, sauti ya nyuzi inabaki salama. Mimi naona hii ni moja ya kazi safi za ufundi za karne ile, na ilifanywa kabla hata metali haijazaliwa.

Besi yangu ni kopi ya hiyo Precision, ina vipande viwili vile vile, lakini ilikuwa inavuma kama transfoma. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi redio. Akaifungua, akatazama, akacheka. Fundi aliyetangulia alikuwa ameunganisha kipande kimoja kinyume, kwa hiyo badala ya mvumo kufutana ukawa unajumlishana. Na kwa kuwa kila uzi una kipande chake, nyuzi zilisikika kawaida tu, ndiyo maana mwenye besi wa kwanza hakushtuka. Mzee akageuza waya mbili, akachomelea kwa risasi, mvumo ukaisha. Dakika kumi! Lakini tulipofanya mazoezi, besi bado ikamezwa. Kumbe nilikuwa na shida mbili, na nilikuwa nimetibu moja.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1965 huko Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Alikuwa mpiga gitaa. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akaendelea kupiga, na bendi yake Black Sabbath ikatoa albamu ya kwanza mwaka 1970. Kwenye albamu ya tatu, Master of Reality ya 1971, alilegeza nyuzi hatua tatu kwenda chini. Nyuzi zikawa laini kwa vidole vyake na sauti ikawa nzito. Sasa fikiria masaibu ya mpiga besi. Geezer Butler alipaswa kushuka pamoja naye, kutoka E inayotikisika mara 41 kwa sekunde mpaka C-sharp ya mara 35 hivi. Gitaa linashuka na kukaa kwenye kiti cha besi, na besi inasukumwa kwenda mahali ambapo spika nyingi haziwezi kutoa sauti kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa shoo yetu. Spika za ukumbi wetu mara 41 kwa sekunde hazitoi, zinahema tu. Sikio humtambua mpiga besi kwa sauti za juu zinazozaliwa pamoja na noti, zile za katikati, ule mkwaruzo na mlio wa uzi. Mimi nilikuwa nimepunguza katikati yote kwenye amplifaya na kuongeza uzito, nikidhani ndiyo metali. Nilijizika mwenyewe!

Butler alitumia Precision kwenye miaka ile. Steve Harris, aliyeanzisha Iron Maiden mwaka 1975 London mashariki, naye ni Precision na vidole, na unamsikia kila noti. Lemmy wa Motörhead alikuwa na Rickenbacker na amplifaya za Marshall, katikati zimejaa. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyejenga sauti yake ya miaka ya 70 kwa pikapu ya betri.

Biashara ya pikapu za kubadilisha yenyewe ilikuwa ndiyo inaanza. Mwaka 1972 Larry DiMarzio alianza kuuza pikapu yake ya gitaa, Super Distortion, kwa watu waliotaka nguvu kuliko ya kiwandani. Mwaka 1976 ikaja kampuni ya Seymour Duncan, na mwaka huo huo Rob Turner akaanzisha kampuni iliyokuja kuwa EMG. Wazo la Turner lilikuwa zuri: punguza mizunguko ya waya, mvumo na kupotea kwa sauti za juu vipungue, halafu kuza umeme huo dhaifu kwa saketi ndogo inayotumia betri ya volti 9. Miaka ya 80 wapiga magitaa wa metali wakaipenda, hususan Metallica, na hapo ndipo mshikaji wetu alipotoa hukumu yake. Ameichukua kwa wapiga magitaa!

Metallica hao hao wana mifano miwili ya besi. Cliff Burton alikuwa na Rickenbacker aliyoifumua, akaweka pikapu ya Gibson karibu na shingo na ya Seymour Duncan karibu na daraja. Sikiliza Kill 'Em All ya 1983, besi inatembea kama gitaa la solo. Burton akafariki kwenye ajali ya basi Sweden tarehe 27 Septemba 1986, akaja Jason Newsted. Mwaka 1988 wakatoa ...And Justice for All, na besi haisikiki. Haisikiki kabisa. Waliochanganya sauti walieleza baadaye kwamba waliagizwa kuishusha, na Newsted mwenyewe alikuwa akifuata gitaa noti kwa noti, hivyo hata kilichobaki kilijificha nyuma ya magitaa. Albamu inayofuata, ya 1991, alikuja prodyuza Bob Rock na besi ikarudi. Pale nikamkumbuka dada yangu. Mimi ni yule wa 1988, tofauti ni kwamba aliyenishusha ni mimi.

Basi nikaamua. EMG niliiacha, si kwa ubaya. Besi yangu haina nafasi ya betri, ningechonga mbao, na vitasa vya sauti navyo lazima vibadilishwe maana vyake ni vya aina nyingine. Halafu betri ife katikati ya shoo? Hapana. Nikabaki na mbili za vipande viwili zinazoingia kwenye tundu lile lile. Quarter Pound ya Seymour Duncan ina nguzo za sumaku zenye upana wa robo inchi, nguvu anayo, chini na juu vikubwa, lakini kwa masikio yangu katikati inalegea. Model P ya DiMarzio katikati inasukuma. Nikachukua Model P. Karibu laki tatu, hela yote niliyobania wakati wa BTP, na sitaki mama ajue.

Binamu yangu aliyeko Dubai alikuja nayo likizo kwenye begi la mkono. Yule mzee fundi redio akaishika, akauliza bei, nikamwambia, akanyamaza muda mrefu. Akaifunga, akaipandisha kidogo isogelee nyuzi, ila isisogee sana, maana sumaku ikikaribia mno inauvuta uzi na noti inakufa haraka.

Jumamosi tukafanya mazoezi. Nimerudisha katikati kwenye amplifaya, na kwenye nyimbo mbili nimeacha kufuata gitaa noti kwa noti. Wimbo wa pili haujaisha, mpiga gitaa akageuka akaniambia, "Punguza basi, unanifunika."

Sikupunguza. Dada nimeshamwambia tarehe ya shoo. Acha nikalale sasa, kesho saa mbili asubuhi nina test.