Mwalimu wa Fidla wa Sliabh Luachra

Mwaka 1920, Pádraig O'Keeffe alipoteza kazi ya ualimu katika shule ya Glountane, kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ireland. Hakurudi tena darasani. Kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 1963, alitembea kwa miguu nyumba hadi nyumba katika vilima vya Sliabh Luachra, mpakani mwa Kerry na Cork, akifundisha fidla kwa malipo madogo. Sehemu kubwa ya muziki wa ngoma unaopigwa huko hadi leo ilipita mikononi mwake.

Yeye mwenyewe alirithi muziki huo kwa upande wa mama, hasa kwa mjomba wake, Cal O'Callaghan, mpiga fidla hodari.

Wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa wakulima wasiojua kusoma nota, naye akawabunia maandishi mepesi. Katika ile mistari mitano ya karatasi ya muziki, nafasi nne zilizo katikati zilikuwa nyuzi nne za fidla, na tarakimu zikaonyesha kidole cha kubonyeza. 0 ilikuwa uzi usioguswa. Alipiga lahani, akaiandika, akamwachia mwanafunzi karatasi ya kufanyia mazoezi. Aliporudi, alikaa kumsikiliza.

Kurudi huko ndiko kulikokuwa somo lenyewe. Karatasi pekee haikutosha. Namna ya kuvuta upinde, wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza ili mguu wa mcheza polka uinuke kwa wakati wake, mwanafunzi aliipata kwa kumtazama mwalimu. Ndivyo walivyokua Denis Murphy na dada yake Julia Clifford, wanafunzi wake waliovuma kuliko wote.

Enzi hizohizo santuri zilikuwa zikiingia vijijini. Michael Coleman, mpiga fidla mzaliwa wa kaunti ya Sligo aliyehamia Marekani mwaka 1914, alianza kurekodi New York mwaka 1921, na wapiga fidla wa kaunti nyingi za Ireland wakaiga mtindo wake. Sliabh Luachra ilibaki na sauti yake, kwa kuwa wachezaji wa huko bado walidai polka zao, na mwalimu bado alibisha hodi.

Baadaye sauti hiyo nayo ilihifadhiwa. Séamus Ennis, mkusanyaji wa muziki wa jadi, alimrekodi O'Keeffe mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1969 Murphy na Clifford walitoa albamu ya The Star Above the Garter. Lahani nyingi za aina hii hazina mtunzi anayejulikana. Huitwa kwa jina la mtu aliyezipiga au aliyezitoa kwa wengine. Desturi hiyo ni ya haki. Bila watu hao waliogawa walichokijua, jirani kwa jirani, santuri zisingekuwa na cha kuhifadhi.