Binti wa Kiyahudi na Mfungwa wa Kijerumani

Katika riwaya nyingi za vijana, msichana wa Kiyahudi akimpenda mvulana wa dini nyingine, swali kubwa huwa moja: wazazi watasemaje? Bette Greene alikwenda mbali zaidi. Katika Summer of My German Soldier, iliyotoka mwaka 1973, Patty Bergen, binti wa miaka 12, anampenda Anton Reiker, mfungwa wa vita kutoka jeshi la Hitler.

Msomaji anaweza kudhani hiyo ni chumvi ya mwandishi. Sivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilishikilia wafungwa wa Kijerumani zaidi ya 370,000. Wengi walipelekwa majimbo ya kusini, ambako vijana walikuwa wameitwa jeshini na pamba ilihitaji mikono. Mkataba wa Geneva wa 1929 uliruhusu askari wa kawaida kufanyishwa kazi kwa ujira, nao walilipwa senti 80 kwa siku. Ndiyo maana Anton na wenzake wanaingia katika duka la baba yake Patty, jimboni Arkansas, kununua kofia za kujikinga na jua shambani. Greene aliijua hali hiyo: alikulia Parkin, Arkansas, katika familia ya Kiyahudi yenye duka.

Kinachonisumbua ni historia iliyo nje ya duka. Maelfu ya wafungwa hao walitekwa Tunisia, Mei 1943. Huko huko, kwa miezi sita ya utawala wa Wajerumani, vijana wa Kiyahudi walikamatwa na kufanyishwa kazi za shokoa. Je, ni haki kumpa Patty Mjerumani mpole, msomi, asiyempenda Hitler?

Jibu langu nalipata nyumbani kwa Patty. Baba yake humpiga hadi aumie. Mama yake humdharau. Anayemjali ni Ruth, mtumishi Mweusi, ambaye sheria za ubaguzi zilimnyima haki katika nchi yake mwenyewe. Anton anampa Patty kitu ambacho baba na mama hawakumpa: anamsikiliza. Msichana huyu hapendi adui; anapenda kuonekana kuwa mtu.

Greene hamsamehei mtu kwa bei rahisi. Anton anapigwa risasi na kufa, Patty anapelekwa shule ya kurekebisha watoto watukutu, na Wayahudi wenzake wanamwona amewatia aibu. Hapo ndipo riwaya inaponishika. Jamii ndogo inayoishi kwa hofu humdai kila mtoto wake awe balozi, hata katika mambo ya moyo. Patty alibebeshwa heshima ya watu wote kabla hajapata mtu wa kuilinda ya kwake.