Wakimbizi wa Dzaleka na gharama za chuo kikuu

Nchini Malawi, mwanafunzi asiyemudu ada ya chuo huomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo na Ruzuku ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mikopo hiyo ni ya raia. Kijana mkimbizi wa makazi ya Dzaleka, yaliyo wilayani Dowa, kilomita 40 hivi kutoka Lilongwe, hastahiki, hata akiwa amefaulu mtihani ule ule wa kidato cha nne.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ilitangaza kuwa vifungu kadhaa, kikiwemo cha elimu ya umma, ingevichukulia kuwa mapendekezo, si wajibu wa kisheria.

Njia iliyobaki ni ufadhili usiorejeshwa. Mpango wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR, hugharamia ada na matumizi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Aidha, tangu 2010 taasisi za Kijesuiti zimefundisha kozi za chuo kwa intaneti humo Dzaleka. Nafasi, hata hivyo, ni chache. Anayezikosa hana bodi ya kumkopesha.