Uchafu Uliokuwa Mlango

Aliyefanya KCSE anajua uzito wa D ya kemia. Peter Agre aliipata, huko shule ya upili Marekani. Mwaka 2003 akapewa Tuzo ya Nobel. Ya nini? Kemia.

Hebu turudi nyuma. Miaka ya 1980, Agre alikuwa daktari wa damu pale Johns Hopkins, Baltimore, akitafuta protini ya kundi la damu la Rhesus. Kila akichuja, protini nyingine ndogo inajitokeza kando. Ilionekana uchafu tu. Lakini mbona ilikuwa tele kwenye chembe nyekundu za damu, na hata kwenye figo? Rafiki yake, John Parker, ndiye aliyemdokezea: huenda huo ndio mlango wa maji ambao wanasayansi walikuwa wakiubishania miaka nenda miaka rudi.

Wakachukua mayai ya chura wa kusini mwa Afrika, wakayadunga maelekezo ya kutengeneza protini ile, wakayatia majini. Mayai ya kawaida yalitulia. Yaliyodungwa yalifura, yakapasuka, pwa! Hiyo ni 1992. Protini ikaitwa akwaporini. Binadamu ana aina 13.

Na haki itendeke: Gheorghe Benga, wa Cluj, Romania, alikuwa ameonyesha dalili za protini hiyo tangu 1986. Nobel haikumgusa.

Sasa, saratani inaingilia wapi? Seli ikitaka kuhama, maji huingia upande wake wa mbele, utando unasukumwa kama puto, nayo inajikokota. Mwaka 2005, maabara ya Alan Verkman huko San Francisco ilionyesha kwamba kwa panya wasio na akwaporini-1, uvimbe uliopandikizwa ulikua polepole. Mwaka 2011, seli za saratani ya matiti zilipopunguziwa akwaporini-5 maabarani, zilipunguza kasi ya kuongezeka na kuhama. Na kuhama ndiko kunakoua. Uvimbe ulio titini unaweza kukatwa. Uliofika mapafuni, kwenye ini au mifupani ni vita vingine.

Shangazi yangu anatibiwa saratani hiyo. Nilipomsimulia haya yote, aliuliza swali moja tu: "Na dawa ya kuufunga huo mlango iko?"

Nikamwambia ukweli. Bado. Figo zake zinategemea milango ya jamii hiyohiyo kurudisha maji mwilini, kwa hivyo huwezi kuifunga yote ovyoovyo. Lazima upate ule wa seli mbaya peke yake, na kazi hiyo ingali maabarani.

Akanyamaza kidogo. Kisha akachukua simu, akampigia binti yake mkubwa, ambaye amekuwa akiahirisha kupimwa tangu Desemba.

"Mwanangu," akamwambia, "hao watu bado wako kwa panya. Wewe Jumatatu uko kliniki."